Tuta la mto Otter: lilistahili kutobolewa?

Wakuu, naleta hoja hii mezani. Mwaka 2023, huku Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, tuta la mto Otter, yaani ukuta wa udongo wa kuzuia maji, lilitobolewa kwa makusudi karibu na Budleigh Salterton, maji ya bahari yakaachwa yaingie bondeni. Takribani hekta 55, nyingi zikiwa malisho, zilitolewa ziwe tope na kinamasi cha maji chumvi. Tuta lenyewe lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 19, zama za vita vya Napoleon, ili bonde lipate kulimwa. Wenyeji husimulia kwamba wachimbaji walikuwa mateka wa Kifaransa. Wapo wanaosema urithi wa miaka 200 umetupwa.

Mimi nasema lilistahili. Nimetembea pale kabla ya kazi ile. Mvua kubwa ikinyesha, mto uliruka tuta, kisha maji yakakwama upande wa pili, yakisubiri bahari ipwe ndipo yapate pa kutokea. Uwanja wa kriketi ulizama mara kwa mara. Ilibidi klabu ihamishiwe kwingine, na barabara ya South Farm ikainuliwa. Tuta lilikuwa limeshindwa kazi yake.

Na tukitaja historia, tuanzie wapi? Katika karne za kati vyombo vya baharini viliingia mto huu, hadi kokoto zilipouziba mlango wake. Bahari ilikuwa mwenyeji hapo kabla ya tuta.

*

Ndugu, heshima yako, lakini sikubaliani nawe. Nyasi zile zilikuwa zinalisha ng'ombe. Nchi inayoagiza chakula kingi kutoka nje inaachia ardhi yake iliwe na chumvi? Na wadudu na mimea ya maji baridi iliyokuwa bondeni, nayo si uhai? Halafu mwenye ardhi ni familia moja kubwa tangu enzi za tuta. Mpangaji wa kijijini alikuwa na sauti gani?

*

Hapo kwenye sauti ya mpangaji umenigusa, kaka, sina la kukupinga. Ila kwa malisho, fikiria jambo hili: bahari inapanda, tuta halisogei. Kinamasi kilicho mbele yake kinabanwa katikati mpaka kinakwisha, na ndicho kinachovunja nguvu ya mawimbi. Sisemi kila tuta litobolewe. Penye nyumba za watu, libaki na liimarishwe.

Juma lililopita nilikwenda maji yakiwa yamekupwa. Palipokuwa na nyasi, vijito vimejichora kwenye tope kama mizizi, na nyayo za ndege zimetapakaa kila upande. Maji yalipoanza kujaa, yalipanda taratibu, yakatulia. Wewe unayetaka tuta lirudi, nijibu: lingejengwa kimo gani, na miaka 30 ijayo nani angelipa kuliinua tena?