Vumbi la mbao za paini limenijaa karakana, kuna cha kukamua humu?

Fundi_Nyakato

Wakuu, habari za jioni. Nina karakana ndogo ya mbao hapa Nyakato, Mwanza. Napasua na kuranda paini tu, nyingi zinatoka Buhindi kule Buchosa, nyingine zinapanda lori kutoka Mafinga. Maranda wanachukua wafugaji wa kuku, mabanzi yanaenda kwa mama ntilie. Kinachonishinda ni vumbi la msumeno. Limefika usawa wa dirisha, mvua ikinyesha linavimba na kutoa joto.

Mwezi uliopita nilinunua tapentaini ya kuchanganyia vanishi. Bei ikaniuma. Fundi rangi mmoja akanicheka: "Unanunua kitu kinachotoka kwenye paini zako?" Nikajiona nimekalia dhahabu. Nikachukua pipa, nikalijaza vumbi debe mbili, maji juu, nikachomelea kifuniko, nikapitisha bomba la shaba kwenye ndoo ya maji baridi. Nikachochea moto kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri.

Nilichopata ni nusu ndoo ya maji meupe kama yaliyooshea mchele. Juu yake yanaelea mafuta yasiyojaza hata kijiko cha chai. Halafu jirani alivyoona pipa na bomba akakimbilia kwa balozi wa nyumba kumi kwamba napika gongo. Balozi akaja, akanusa, akachovya kidole akaonja, akatema ukutani. Hiyo ndiyo iliyoniokoa.

Swali: nimekosea wapi? Na je, humu mna kitu kingine cha kuuza?

Mwalimu_Mstaafu

Fundi, hujakosea kupika, umekosea malighafi. Mafuta yale ni mepesi, yanaruka. Gogo limekaa juani, mbao zimekauka kwa wiki kadhaa, kisha msumeno umezisaga kwa joto. Harufu unayoisikia karakana nzima ukipasua ndiyo tapentaini yenyewe inakuaga.

Viwandani wanaipata kwa njia tatu. Ya kwanza ni kugema: wanachubua gome la mti ulio hai, wanapaka kidonda dawa yenye asidi ya salfa ili kisizibe haraka, wanafunga mfuko chini yake. Kilo 100 za utomvu zikikenekwa zinatoa tapentaini kilo 15 hadi 20, na kilo 70 hivi za rosini, ile gundi ya kahawia inayovunjika kama kioo. Fundi redio anaijua, maana anachovya humo ncha ya chuma cha kulehemu.

Ya pili ni visiki. Mti ukikatwa, maganda yanaoza lakini kiini kinabaki kimejaa utomvu.

Ya tatu si ya mtu mwenye pipa moja: kiwanda cha karatasi. Wakipika vipande vya paini kwa magadi makali, utomvu na mafuta ya mti yanageuka sabuni inayoelea juu ya maji meusi. Wanaiengua, wanaitia asidi, wanapata mafuta mazito ya kutengenezea rangi, gundi na hata zile siagi za mkate za kupunguza lehemu kwenye damu. Tapentaini nayo wanaigeuza kafuri, manukato, na mafuta ya paini ya kusafishia choo. Hata vanila: Wajerumani wawili, Tiemann na Haarmann, waliitengeneza mwaka 1874 kutokana na utomvu wa jamii hiyo ya miti.

Angalizo moja kubwa. Mvuke wa tapentaini unadaka cheche au moto wa karibu hata kwenye joto la nyuzi 35 hivi, yaani mchana wa jua kali sana. Na kifuniko ulichochomelea, bomba likiziba, ni bomu. Usirudie.

Kalafati_Igombe

Shikamoo mwalimu. Fundi, achana na tapentaini, njoo kwenye lami ya paini.

Mimi naunda mitumbwi. Mianya tunaziba kwa pamba, na kila baada ya miezi kadhaa unaipandisha ufukweni uzibe upya. Nilisikia Waswidi na Wafini tangu enzi za merikebu za tanga wanapaka lami ya paini, nikajaribu. Chukua kisiki cha zamani, kile ukikipasua ndani ni chekundu na kinanata. Kichane vijiti, jaza pipa lenye tundu chini, ziba juu kwa udongo, fukia sufuria chini ya tundu. Moto unawaka nje ya pipa, ndani hauingii.

Kwanza yanatoka maji machungu ya rangi ya chai. Usikate tamaa. Baadaye inakuja nyeusi, inavutika kama asali. Visiki viwili vilinipa chini ya lita moja. Nikapaka ubavu wa nje wa mtumbwi mmoja, nikauanika wiki nzima. Ndani sikupaka, samaki wangenuka moshi na pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba hakuna ambaye angewagusa. Yale maji machungu pia usiyamwage ziwani.

Mama_Vifaranga

Hao wafugaji mnaowapa maranda bure ni sisi, asanteni 😂 Ila kaka, visiki vya Buhindi ni mali ya serikali. Pitia kwa TFS, wakala wa misitu, upate kibali kwanza, usije ukakutana na wale wa geti. Na ukiamua kuuza dawa ya choo, Mkemia Mkuu na TBS, wale wa viwango, nao watataka kukuona.

Fundi_Nyakato

Shikamoo mwalimu, nimekusoma. Kifuniko nimekikata leo leo.

Mama Vifaranga, kumbe ndiyo nyie! Jumatatu navuka kwenda Buchosa kuulizia kibali cha visiki. Vumbi kuna jamaa wa kuchoma matofali Buhongwa amekubali kuja na Canter yake, mafuta juu yake.

Kalafati, huo mtumbwi una muda gani majini sasa? Umeshavuja?

Kalafati_Igombe

Mwezi wa tano huu. Ubavu uko safi. Unavuja mkiani, nilipoishiwa lami.