Wenye raifo mnazitumiaje? Yangu imegeuka pambo la kabatini

KijanaWaVoi
Habari zenu wakuu. Niko Texas mwaka wa sita sasa, mwaka jana nikanunua raifo ya bolti (ile unavuta mpini kwa mkono kila risasi), kaliba .308, na darubini yake juu. Nimeipiga mara tatu tu na zote renji, nimekaa kwa meza, bunduki imelazwa juu ya vifuko vya mchanga, yadi 100 matundu yote unafunika na kikombe cha chai basi nikajiona fundi. Juzi jamaa wa kazini akanibeba tukawinde nguruwe pori shamba la shemeji yake. Nguruwe katoka yadi 70 hivi, mimi nimesimama nahema, ule msalaba ndani ya darubini unacheza kama uko kwa harusi, nikafyatua risasi ikaenda kusikojulikana na darubini ikanipasua nyusi, damu mpaka kwa shati. Sasa nauliza, nyinyi mnafanya mazoezi gani? Na mnawinda kweli ama ni shabaha tu?

mama_wawili_TX
Pole kaka, hiyo alama ya nyusi wengi tunayo ila hatusemi. Darubini yako iko karibu sana na jicho, legeza zile pete zinazoishika uisogeze mbele mpaka ibaki kama inchi tatu na nusu, halafu kitako ukikaze begani. La pili achana na hiyo meza, nguruwe hakusubiri ukae. Mimi nina .22, raifo ya risasi ndogo, ya mazoezi kwa sababu risasi zake bei chee, napiga nimepiga goti, nimekaa chini, nimesimama, .308 natoa mwishoni raundi kumi tu. Nguruwe hapa ni mwaka mzima, na tangu 2019 kwenye shamba la mtu akikuruhusu huhitaji hata leseni ya kuwinda, ila paa usiguse bila leseni, na kama umezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baada ya hapo lazima upite ile kozi ya wawindaji.

mzee_wa_renji
Kijana fanya kavu nyumbani, yaani kubonyeza triga bila risasi. Toa risasi zote uzipeleke chumba kingine, kagua chemba, pale risasi inapokaa, kwa jicho na kwa kidole, rudia tena, ndio ulenge doa ukutani upande ambao hakuna mtu. Weka sarafu juu ya mtutu karibu na mdomo, bonyeza triga, ikianguka ujue unaivuta kwa pupa. Dakika kumi kila jioni zinatosha. Ila .22 usiifanyie hivyo bila risasi bandia, pini ya kufyatulia inagonga ukingo wa chemba unaharibika.

Otis_Kiambu
Nyinyi mna bahati bana. Huku Kenya kuwinda kulipigwa marufuku 1977, so sisi ni karatasi na mabati tu. Lakini bati la yadi 200 likilia ting! siku yako imekaa poa. Cheki pia risasi inavyoshuka, .308 uliyoiset yadi 100 ikifika 200 imeshuka kama inchi nne.

bwananyama_mstaafu
Nimekaa porini Tanzania miaka mingi na wageni wa aina yako nimewaona sana, hodari mezani, porini wanatetemeka. Mgeni anataka nyati, kaliba chini ya .375 hairuhusiwi, kupiga kutoka kwenye gari ni kosa, kwa hiyo atembee masaa matatu juani halafu alenge pumzi ikiwa juu. Dawa yetu ni miti mitatu imefungwa juu na mpira wa tyubu, unaitanua, unalaza bunduki hapo kwenye makutano. Kabla ya mazoezi kimbia kwanza mita mia, ndio ulenge.

KijanaWaVoi
Asanteni sana, mzee wa renji shikamoo. Sarafu nimejaribu jana, mara kumi imeanguka nane, wife anauliza kwa nini naokota senti chini ya kochi kila saa. Bwana nyama, huo mpira ni wa tyubu ya gari ama baiskeli?

bwananyama_mstaafu
Baiskeli. Wa gari mgumu, miti haitanuki.