Gari limezimika, seva inasema lipo hewani: naombeni msaada wa soketi

kijana_wa_soketi:
Wakuu, habari za jioni. Nina seva ndogo ya Python kwenye Linux inayopokea taarifa za GPS kutoka magari 70 ya mizigo. Kila kifaa kina laini ya simu na kinafungua muunganisho wa TCP (njia ya kutumiana data kwa uthibitisho) hadi kwangu; ncha ya muunganisho huo kwenye programu ndiyo soketi. Seva inasikiliza tu, haijibu kitu.

Shida ni kwamba gari likiingia porini pasipo mtandao, au betri ikichomolewa, kwenye skrini ya bosi linabaki kijani. Kifaa kikirudi kinafungua muunganisho mpya, ule wa zamani unabaki unaning'inia. Miunganisho ikarundikana mpaka faili zilizofunguliwa (Linux huhesabu kila muunganisho kama faili) zikagonga 1024, seva ikagoma. Nikaongeza hii, ya kukagua kama upande wa pili bado upo:

`conn.setsockopt(socket.SOL_SOCKET, socket.SO_KEEPALIVE, 1)`

Sasa muunganisho mfu unaondoka, lakini baada ya masaa mawili na dakika 11. Nimepima mara tatu, ni hivyo hivyo. Hizo dakika 11 zinatoka wapi jamani?

Halafu nikizima seva na kuiwasha, inakataa, inadai anwani inatumika. Nakaa kama dakika moja ndipo inakubali.

mzee_wa_bandari:
Weka TCP_NODELAY, mimi ilinisaidia sana.

fundi_paketi:
@mzee_wa_bandari mkuu, mgonjwa analia mguu wewe unampa dawa ya macho. TCP_NODELAY inazima utaratibu wa Nagle, ule wa mwaka 1984 unaozuia vipande vidogo visitoke mpaka vya mwanzo vithibitishwe. Ni kwa ajili ya mazungumzo yanayojivuta. Kujua nani amekufa haihusiki.

Mleta uzi, dakika 11 si uchawi. TCP ikiwa kimya haitumi chochote, kwa hiyo seva haina namna ya kujua kuwa upande wa pili umeondoka. Ulipowasha SO_KEEPALIVE, Linux ilichukua vipimo vyake vya kuzaliwa: ngoja sekunde 7200, kisha bisha hodi mara 9 kila baada ya sekunde 75. Piga hesabu, 7200 + 675 = 7875. Hayo ndiyo masaa yako mawili na dakika 11. Weka vyako, kwa mpangilio huu: muda wa kungoja, nafasi kati ya hodi, na idadi ya hodi:

`conn.setsockopt(socket.IPPROTO_TCP, socket.TCP_KEEPIDLE, 60)`
`conn.setsockopt(socket.IPPROTO_TCP, socket.TCP_KEEPINTVL, 10)`
`conn.setsockopt(socket.IPPROTO_TCP, socket.TCP_KEEPCNT, 3)`

Sekunde 90 mfu ametoka.

La anwani: muunganisho ambao seva imeufunga yenyewe unakaa TIME_WAIT (hali ya kusubiri baada ya kufungwa) sekunde 60. Weka SO_REUSEADDR (ruhusa ya kutumia tena anwani) kwenye soketi ya kusikiliza, kabla ya bind, yaani amri ya kuishika anwani na poti. Ukiiweka baada ya bind umechelewa, na haitakuambia kama umechelewa. Siku ukihamia Windows usiibebe hivi hivi, kule inaweza kuruhusu programu nyingine ikukalie kwenye poti ileile.

bi_mtandao:
Kabla hujabandika, vifaa vinatuma kila baada ya muda gani? Kama ni kila sekunde 30, `conn.settimeout(120)` inatosha: ukimya ukizidi unafunga. Kubisha hodi kila dakika kunaamsha modemu na kula bando, kidogo kidogo lakini kwa magari 70.

kijana_wa_soketi:
Likitembea sekunde 30, likiegeshwa nusu saa.

bi_mtandao:
Basi settimeout yangu ingekata yaliyoegeshwa; fundi yuko sahihi, ila hiyo 60 ya TCP_KEEPIDLE ipandishe hadi 240. Usiipandishe mno, maana NAT za mitandao ya simu (mitambo inayoshirikisha anwani moja kwa vifaa vingi) huwa zinasahau muunganisho uliokaa kimya, halafu kifaa kinatuma kwenye njia iliyokwisha fungwa.

Na siku seva ikianza kutuma amri kwenye gari, ongeza TCP_USER_TIMEOUT, kikomo cha kungoja data ithibitishwe. Kukiwa na data iliyotumwa isiyothibitishwa, keepalive haifanyi kazi. Linux itaendelea kuirudia data hiyo kwa takriban dakika 15 kabla ya kukata tamaa. Hiyo TCP_USER_TIMEOUT inapimwa kwa milisekunde, usije ukaandika 30 ukidhani ni sekunde.

mzee_wa_bandari:
Nimejifunza, nafuta dawa yangu.

kijana_wa_soketi:
Mrejesho, wakuu. 240, 10, 3, na SO_REUSEADDR kabla ya bind. Seva inawaka papo hapo, na tangu juzi faili hazijapita 90. Gari moja likawa linageuka jekundu kila siku mchana nikadhani nimekosea vipimo. Kumbe dereva anachomoa waya wa kifaa.