Mthamini ndiye huyohuyo mnunuzi! Hivi wafanyabiashara wa vitabu adimu mnatuona wajinga kiasi gani?

Wakuu, nina hasira na sitaki kuambiwa nipunguze jazba. Marehemu mzee wetu ameacha makabati ya vitabu alivyokusanya maisha yake yote: atlasi za zamani, matoleo ya kwanza, vingine vina saini za watunzi wenyewe. Kati yetu warithi hakuna mwenye nafasi wala utaalamu wa kuvitunza, tukakubaliana viuzwe kila mtu apate chake. Kumbe kuna watu kazi yao ni kuwazungukia wafiwa kama kunguru.

Wa kwanza alijitambulisha kama mthamini. Mpole, pole nyingi, sauti ya chini. Akapita rafu kwa rafu: anavuta kitabu, anafungua nyuma ya ukurasa wenye jina la kitabu, anaigusa ile karatasi ya kufunikia jalada, anarudisha. Vingi hata hakuvifungua. Mwishowe akaweka rundo dogo mezani, akasema haya nabeba leo kwa fedha taslimu, hivyo vingine havina soko, gaweni tu. Namuuliza bei ya kimoja kimoja, ananitajia ya jumla. Namuomba orodha ya maandishi, anatazama saa.

Yaani mtu anapanga thamani ya mali yako, halafu yeye mwenyewe anainunua kwa thamani aliyoipanga! Na sisi tushukuru!

Nikamwambia aache kila kitu hapo mezani. Alipoondoka nikaanza kufungua palepale alipokuwa akifungua yeye. Nyuma ya ukurasa wa jina, kwenye vitabu vingi vya miongo ya karibuni, kuna mstari wa tarakimu. Ukiiona 1 bado ipo, kwa kawaida hiyo ni chapa ya kwanza. Karatasi za jalada nazo, zile ambazo ndugu yangu mmoja alitaka kuzitupa ati zimechanika, kwa toleo la kwanza la karne ya 20 ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya bei. Na kitabu alichokisukumia chini kabisa ya rundo lake kina mistari michache ya wino, mtunzi anamwandikia mtunzi mwenzake. Saini tupu ni kitu kimoja. Kitabu ambacho mtunzi alimkabidhi mtu anayejulikana ni habari nyingine kabisa, na yule bwana alikiona, akakaa kimya.

Tuelewane lakini. Sipingi mtu kupata faida. Muuzaji akinunua kwa nusu au hata theluthi ya bei atakayouzia yeye, huyo si mwizi. Anaweza kukaa na kitabu miaka huku analipa pango na bima. Ila sema ukiwa mlangoni kwamba umekuja kununua, nijue naongea na nani. Halafu usinichagulie vinono ukaniachia makapi, kwa sababu hivyo vichache vizuri ndivyo vinavyowafanya watu wa mnada wakubali kubeba na vya kawaida. Vikishatoka, waliobaki na makapi hawapokelewi hata simu.

Haya, tukageukia mnada. Mkataba una kurasa za maandishi madogo. Kamisheni ya muuzaji, picha za katalogi, bima, usafirishaji, na ada kitabu kisipouzika. Juu ya hapo mnunuzi naye anatozwa ada yake juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyofikiwa mnadani, mara nyingi zaidi ya asilimia 20. Dada wa mapokezi akanijibu eti hiyo ni ya mnunuzi, wewe haikugusi. Hainigusi vipi? Ada ikiwa asilimia 25, mwenye 100 mfukoni anashusha mkono bei ikifika 80, na kamisheni yangu inakatwa kwenye hiyo 80. Nikaomba tuweke bei ya chini ambayo kitabu hakiuzwi ikishindwa kufikiwa, wakaanza kunizungusha. Wanajua fika kwamba kitabu kikikosa mnunuzi matokeo yanabaki kwenye intaneti, na miaka inayofuata kila mtu anakuuliza kwa nini kilikataliwa. Basi, kwao heri kiende kwa bei ya kutupa.

Aliyenimaliza ni wa tatu. Kaiangalia atlasi, kasema dawa yake ni wembe: toa ramani, weka kwenye fremu, uza moja moja. Hesabu yake huenda ni sahihi, ramani zikiuzwa hivyo mara nyingine huzidi bei ya kitabu kizima. Lakini kitabu kimepita mikono ya watu karne na zaidi bila kupungua ukurasa, leo mimi ndiye nikichinje? Nilimfungulia mlango.

Nyumbani nako hakuna nafuu. Kaka kaishika karatasi ya bima ya mzee kama hati ya kiwanja, kila ofa anasema tunaibiwa. Kaka, bima inakadiria gharama ya kununua kingine mfano wake dukani, si pesa utakayotiwa mkononi ukiuza! Mwingine anatuletea bei za mtandaoni. Hizo ni bei za kuomba, yeyote anaweza kuandika anachotaka. Tafuta vilivyouzwa kweli ndipo tuongee. Na tafadhali, hizo karatasi zilizochanika msizibandike, selotepu kaeni nayo mbali.

Kwa sasa msimamo wangu ni huu: orodha tunaandika sisi, kila kitabu na picha ya ukurasa wa jina, nyuma yake, na kasoro zake zote. Orodha hiyohiyo iende kwa wanunuzi kadhaa. Vile bora viende mnadani kwa bei ya chini iliyoandikwa kwenye mkataba. Vya kati tumpe muuzaji kwa mali kauli, tarehe ya kurudisha ikiwepo. Vinavyobaki viende jumla. Atlasi haikatwi.

Ninachotafuta ni mthamini anayelipwa kwa saa, si kwa asilimia ya thamani, na anayekubali kusaini kwamba hatanunua yeye wala hatamtuma mtu. Anayemjua amtaje hapahapa hadharani. Wale wa "njoo inboksi nina mteja", piteni kimya kimya.