Uhandisi mitambo: Mlimani au DIT? Nauliza majengo na karakana, si jina la chuo

MzeeWaKorogwe
Wakuu, heshima kwenu. Dogo wangu kachaguliwa uhandisi mitambo sehemu mbili, Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) na DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), na siku za kuthibitisha zinayoyoma. Ubishi wa chuo gani kina jina tumeshaumaliza nyumbani, hatukupata jibu. Nataka kujua atashika mashine gani, atasomea wapi usiku, atalala wapi. Kwa sasa anakaa kwangu Kimara Korogwe. Bumu, yaani mkopo wa serikali, halijulikani kama litatoka.

TupaNaJiliwa
Mimi ni zao la Mlimani, kwa hiyo nipime ukijua hivyo.

Uhandisi pale ulianza 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na Mjerumani hamwelewi mhandisi asiyejua kupiga tupa. Mwaka 2001 kitivo kikaunganishwa na IPI, taasisi ya ubunifu wa uzalishaji, ndiyo ikazaliwa CoET, ndaki ya uhandisi na teknolojia. Kwa dogo maana yake ni hii: mwaka wa kwanza atavaa ovaroli. Sisi tulipewa kipande cha chuma tukaambiwa tukinyooshe pande zote kwa tupa peke yake. Siku ya nne viganja vimejaa malengelenge. Fundi anakuja, anaweka skwea, kile kipimo cha pembe mraba, juu ya kazi yako, anainua kuelekea dirishani. Mwanga ukipenya chini ya skwea haongei kitu, anakurudishia kipande kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, na kwenda kwa mwenzako. Nilimchukia yule mzee. Leo nikipokea shafti kutoka kwa mkerezaji, cha kwanza nainua dirishani.

Kusoma usiku: maktaba mpya iliyofunguliwa 2018 ina viti 2,100. Ukikosa kiti, kuna vimbweta, yale mabenchi ya nje ya kusomea. Asikudanganye mtu, nusu ya hesabu zangu nilizielewea kwenye kimbweta, anafundisha jamaa ambaye mwenyewe alikuwa na sapu, mtihani wa kurudia.

Kulala: hosteli za Magufuli za 2017 zilijengwa kwa wanafunzi 3,840, lakini zinagombewa na chuo kizima, siyo wahandisi tu.

ShukaFire
Mkuu hapo juu kaeleza vizuri, ila DIT nayo si ya jana. Ilianza 1957 kama chuo cha ufundi, jina la DIT likaja na sheria ya 1997. Na ufundi haujatoka: wa stashahada na wa shahada wako eneo moja. Dogo ametoka kidato cha sita na fizikia ya kwenye karatasi. Anakaa kundi moja na kijana aliyeanza kuchomelea akiwa na miaka kumi na saba. Atachekwa wiki mbili, halafu atajua.

Eneo ni dogo, hilo sikatai. Kona ya Morogoro na Bibi Titi, huwezi kupanda miti ya kivuli kama kule kilimani. Lakini karakana kubwa ya DIT iko nje ya geti. Unatembea mpaka mtaa wa Gerezani, kwa mafundi na wauza vipuri, unakuta beringi, gia, pampu kuukuu, na watu wanaokereza kitu bila mchoro kikaingia. Mradi wangu wa mwisho ulikuwa mashine ya kupukuchua mahindi. Pulei niliinunua Gerezani asubuhi, mchana iko mezani. Aliye Mlimani akitaka pulei hiyo siku yake imekwisha.

Na kwa mtu wa Kimara, basi moja tu la mwendokasi mpaka mlangoni.

DadaZege
Mwendokasi mmoja mpaka bonde la Jangwani lijae maji, kaka. Masika barabara ikifungwa pale bondeni, mwanao ana mtihani saa mbili na yuko Magomeni anaangalia maji. Kwenda Mlimani anashuka Ubungo, haliruki bonde lile.

Mimi ni wa ujenzi na chuo changu sikitaji. Jengo letu lilikuwa jipya, vigae vinang'aa mpaka unajiona meno. Mashine ya kuvunjia vibonge vya zege ili kupima nguvu yake ikaharibika muhula mzima. Vibonge vyetu vya milimita 150 vinatakiwa kuvunjwa siku ya 7 na ya 28. Vikalala kwenye tangi la maji mpaka vikaota ukijani. Tukapewa majibu ya waliotutangulia tuyaandikie ripoti. Nikapata A. Kibonge chenyewe sijawahi kuona kikipasuka mpaka nilipofika saiti.

Kwa hiyo, kaka, usihesabu ghorofa. Uliza mashine ya kukereza moja wanasimama wangapi, na ikifa nani anaitengeneza.

Mwanagenzi_
Chuo Kikuu Ardhi je? Wako jirani na Mlimani, wana ujenzi na mazingira.

MzeeWaKorogwe
Ni mitambo mkuu, Ardhi hakuomba.

ShukaFire
Swali la DadaZege ndilo lenyewe. Na mimi naongeza: aulize karakana inafunguliwa saa ngapi nje ya vipindi. Mashine kumi zilizofungiwa ni sawa na picha ukutani.

TupaNaJiliwa
Kweli. Na akienda asianzie ofisi ya udahili, atapewa kipeperushi. Aingie karakana mchana, atafute mzee mwenye koti la bluu, amwamkie vizuri. Wale husema kila kitu, hata ambacho hujauliza.

MzeeWaKorogwe
Nashukuruni sana. Dogo kaenda kote kuwili jana. DIT walimwacha asimame karibu na jamaa anachomelea, karudi macho mekundu na furaha. Mlimani mzee wa koti la bluu kampa tupa, kamwambia "haya, piga kidogo". Kapiga. Mzee katazama, kasema anashika kama anakuna nazi.

Amethibitisha Mlimani usiku huohuo. Anasema lazima arudi amwonyeshe.

ShukaFire
Tumeshindwa kwa nazi. Haya, akitaka pulei mwambie Gerezani bado ipo.