Mjadala: Sister Rosetta Tharpe kupewa heshima miaka 45 baada ya kufa, hiyo ni heshima kweli?

Wakuu habari zenu. Naleta hii maana inaniuma sana. Huyu mama, mwimbaji na mpiga gitaa wa Marekani, kazaliwa Arkansas 1915, kakulia kanisani na gitaa mkononi, mama yake mhubiri. 1938 anarekodi injili na kampuni ya Decca, mwaka huohuo yupo klabu ya Cotton Club New York na bendi ya Cab Calloway, Desemba kapanda jukwaa la ukumbi wa Carnegie Hall, baadaye akawa anaimba na bendi ya jazi ya Lucky Millinder, halafu 1945 wimbo wake Strange Things Happening Every Day ukafika namba 2 kwenye chati ya Billboard ya muziki wa Weusi, na wimbo wenyewe ni wa dini! Little Richard, yule nyota wa rock, alipandishwa jukwaani na huyuhuyu mama kule Macon, Georgia, 1947 akiwa kijana mdogo.

Sasa Rock and Roll Hall of Fame, jumba la Marekani la kuwaenzi magwiji wa rock, wameanza kuingiza watu 1986, Little Richard yumo, Elvis yumo, Chuck Berry yumo. Rosetta wamemwingiza 2018. Kafa 1973, na kaburi lake Philadelphia lilikaa bila jiwe mpaka ilipofanyika konsati ya kuchangisha hela 2008. Mimi nasema hiyo si heshima, ni watu kujisafisha. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu umeruka jambo moja. Alijiharibia mwenyewe, huwezi kuimba injili Jumapili halafu usiku upo klabu watu wanalewa. Waumini walimpa kisogo, na wa dunia nao wakamwona ni wa kanisani. Angechagua upande mmoja.

Mtoa mada:
Ndugu yangu, waumini wengine walinuna, hilo silipingi. Lakini 1951 alifunga ndoa uwanjani, Griffith Stadium Washington, watu zaidi ya 20,000 wamelipa kiingilio waione harusi na wamsikie akipiga gitaa, sasa hao ndo waliompa kisogo? Na hiyo ya kuchagua upande, mtazame Mahalia Jackson, mwimbaji mwenzake wa injili, yeye alichagua, klabu alikataa kabisa, injili tu. Hall of Fame wamemwingiza 1997! Yaani asiyetaka hata kusikia habari za klabu kaingia miaka 21 kabla ya aliyekuwa anapiga lile gitaa lenyewe la rock. Kwa hiyo udini haukuwa kikwazo, walimsahau tu, wakasubiri mpaka waandishi na mashabiki wapige kelele.

Mchangiaji wa pili:
Mi naona mnawaonea hao Hall of Fame waliotoa heshima. Posta ya Marekani ilimweka kwenye stempu 1998, sio kwamba alisahaulika kabisa. Na hii ya 2018 imefanya vijana wengi wamtafute, ile video ya Manchester 1964 anapiga kwenye stesheni ya treni na koti lake, mvua imetoka kunyesha. Kuchelewa ni bora kuliko kutompa kabisa.

Mtoa mada:
Stempu sawa, nakubali. Ila angalia na kundi walilomweka: "ushawishi wa awali", sio wasanii wenyewe. Aliyemfungulia mlango Little Richard yupo kundi la walioandaa njia, Little Richard yupo kundi la wasanii. Kama kweli wanamheshimu wamhamishe kundi. Nani anapinga hilo, na kwa sababu gani?