Mtoto ana mafua na kamasi ya kijani: nimpe antibayotiki?

Ummu wa Kisauni: Assalam aleikum jamani. Mwanangu wa miaka mitatu ana mafua tangu Jumamosi. Kamasi ilikuwa nyepesi, sasa nzito ya kijani, na usiku kifua chamkoroma. Homa ilikuwako siku ya kwanza tu. Uji anakunywa, kucheza anacheza. Mavyaa ashikilia nimpe antibayotiki ya amoksilini iliyobaki kwenye friji tangu mwezi uliopita. Sitaki kumvunjia heshima, wala sitaki kumdhuru mtoto. Nifanyeje?

Baba wa Likoni: Mpe tu dada. Wangu nawanunulia dukani, wiki haiishi wameshapona.

Muuguzi Mstaafu: Kaka, hata bila dawa wangepona. Mafua huletwa na virusi. Antibayotiki huua bakteria, virusi haivigusi. Na ukijani si dalili ya bakteria. Watoka kwenye chembe nyeupe za damu zinazopigana na ugonjwa. Mafua huisha kwa siku 7 hadi 10, kikohozi chaweza kuchelewa wiki mbili tatu.

Ummu, ile ya friji usimpe kabisa. Dawa ya unga ikishatiwa maji hudumu wiki moja au mbili tu. Tena ukitumia antibayotiki ovyo, bakteria huzizoea, na siku mtoto atakapozihitaji kweli zisimfae.

Achana na rangi, tazama pumzi. Akiwa ametulia, mfunue kifua uhesabu dakika nzima. Kwa umri wake, 40 au zaidi ni nyingi mno. Zikifika hapo, au mbavu zikibonyea ndani avutapo pumzi, au akishindwa kunywa, au akilegea, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Huenda ikawa nimonia, na hapo antibayotiki ni haki yake, kwa kipimo cha uzito wake. Homa ikirudi, apimwe na malaria, si unajua Pwani yetu.

Ummu wa Kisauni: Nimehesabu amelala, 28. Mbavu hazibonyei. Alhamdulillahi. Sasa mavyaa nimwambieje?

Bibi wa Majengo: Mwanangu, mimi pia ni mavyaa. Usimkatalie mkavu, mpe kazi. Mwambie, "Mama, nisaidie kumtengenezea maji ya vuguvugu, ndimu na kijiko cha asali." Wako ashapita mwaka, asali yamfaa, aliye chini ya mwaka hapewi hata tone. Nawe mtie matone ya maji ya chumvi puani kabla ya kulala. Mavyaa anataka kuona mjukuu anashughulikiwa.

Kijana wa Kongowea: Na mtu mzima je? Natoa makohozi tangu mwezi uliopita, nishameza kapsuli za dukani mara mbili.

Muuguzi Mstaafu: Mwanangu, hayo si mafua tena. Kikohozi kikipita wiki mbili, makohozi yapimwe kifua kikuu. Hospitali ya serikali kupimwa ni bure, na dawa zake bure. Usimeze kapsuli nyingine. Nenda kesho asubuhi, na leo lala madirisha wazi.